Mazoezi ya Karani wa Makaburi

Benchi letu zamani lilikuwa mlango. Mlango wenyewe ulitoka kwenye nyumba iliyobomolewa mtaa wa nyuma, ukalazwa juu ya matofali mbele ya kibanda changu, na tundu la ufunguo bado lipo. Fundi Saa hupenda kukaa karibu nalo ili adondoshee humo majivu ya sigara. Ng'ambo ya barabara kuna ukuta mrefu wa makaburi ya mji, geti la chuma, na dirisha dogo la ofisi. Watu hutuuliza kama hatuogopi kunywa kahawa tukitazamana na wafu. Huwa nawajibu kwamba majirani wasiopiga redio wala kusengenya hawapatikani kila mahali. Mimi ni kinyozi. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na kama walisema kweli basi akili nyingi za mtaa huu nimezifagia mimi na kuzitupa jalalani. Ndiyo maana siyashangai sana yanayosemwa hapa kila jioni.

Ijumaa hiyo mawingu yalikuwa yamekaa chini tangu asubuhi na hayakutaka kunyesha wala kuondoka. Shangazi, muuza kahawa wetu, ambaye si shangazi wa mtu yeyote kwa damu lakini ametushangazia sote, alikuwa amekwisha kumimina raundi ya kwanza. Breki alikuwa na kikombe chake. Huyu aliendesha malori mpaka macho yakamkataa, na sasa anaendesha methali, bila leseni. Fundi Saa alikuwa na chake pia. Nafasi ya nne ilikuwa wazi.

— Leo kachelewa, alisema Fundi Saa.

— Yuko mazoezini, nikamjibu.

— Mazoezi ya kuzika?

— Ya kompyuta, bwana. Si unajua Jumatatu ndiyo siku yake.

Tulijua sote. Tuliyekuwa tukimngoja ni Karani, mwandishi wa ofisi ya makaburi, mtu mpole ambaye kwa miaka yote aliandika wafu kwenye kadi, akazipanga kadi kwenye masanduku, na ukimtajia marehemu wako alikuwa anakutolea kadi yake kabla hujamaliza kulia. Kisha makao makuu wakaleta kompyuta. Msimamizi mpya akasema kadi zote zimekwisha ingizwa humo, kitu hicho kinaitwa kanzidata, na kuanzia sasa karatasi ni uchafu. Kadi zikapakiwa kwenye mkokoteni zikapelekwa kusagwa. Karani aliusindikiza ule mkokoteni mpaka kona kama anayesindikiza jeneza.

Jumatatu angekuja mkaguzi. Angetaja jina la marehemu, na Karani angetakiwa kumwonyesha kaburi kwenye kioo hapo hapo. Akiweza, anabaki kazini. Akishindwa, anastaafishwa, na vile vyumba viwili vya nyuma ya ofisi anavirudisha, maana vinakwenda na kazi. Humo anaishi na mama yake mzazi. Mama yule haoni. Nyumba ile anaijua kwa viganja: hapa ukuta una ufa, hapa pana msumari, hapa kizingiti. Ukimhamisha leo, utakuwa umempofusha mara ya pili. Karani mwenyewe ndiye aliyetuambia hivyo, akiwa ameinamia kikombe, na jioni ile hakuna aliyemtania.

Alipotokea getini tulimwona anatabasamu. Hilo si jambo la kawaida yake. Alivuka barabara, akakaa mahali pake, na vidole vyake vikawa bado vinacheza pajani kama kuku anayedonoa.

— Leo imenikubali, alisema.

— Nani huyo? Shangazi akauliza haraka, maana kwa muda mrefu amekuwa akimtafutia Karani mke.

— Kompyuta.

Shangazi akammiminia kahawa kwa masikitiko.

— Imekukubali vipi? alidai Fundi Saa. Eleza vizuri. Mimi ni mtu wa mashine.

Ni mtu wa mashine kweli, ila mashine zenyewe zimemtupa. Tangu simu ziwe zinaonyesha saa, mikono ya watu imebaki mitupu, na mezani pake pale pembeni ya duka la viatu hakuna alichofungua kwa miezi. Lakini lenzi yake bado anaibeba mfukoni mwa shati, na kila mtu akipita na saa mkononi yeye humkodolea macho mkono kama mwenye njaa.

Karani akaeleza. Tulikuwa tumeshaisikia nusu ya habari ile, lakini tulimwacha aanze mwanzo kwa sababu ilimfurahisha. Kila kaburi lina ukurasa wake kwenye kioo. Ukurasa una vyumba: namba ya kaburi, kitalu, jina la marehemu, tarehe ya kuzikwa. Chini kuna mshale. Ukiubonyeza, ukurasa unaondoka, unakuja mwingine. Mwanzoni alikuwa akiandika kwa kidole kimoja. Sasa anatumia mikono yote miwili. Herufi ameshazijua zinakokaa, hata amempeleka mama yake ofisini akampapasisha zile funguo, na bi mkubwa akasema ni kama kupapasa gunzi la mahindi lililobaki punje chache.

— Na si kila chumba kinakubali kila kitu, aliendelea. Kwenye tarehe niliandika "siku ya Ijumaa, kabla ya mvua". Ikakataa.

— Ilisema kwa mdomo?

— Kwa kengele. Tii. Haitaki maneno, inataka tarakimu. Kwenye namba nayo, ukiweka namba ya mtu mwingine, inakataa. Hairuhusu wawili kulala kaburi moja.

— Basi ina adabu, alisema Shangazi. Wakubwa wengine wanakukataa kwa kukaa kimya.

— Na jina?

— Jina ndiyo raha yake. Jina haijakataa hata siku moja. Naandika jina, nabonyeza, na hapo hapo naona kitalu, namba, mpaka tarehe. Nabonyeza mshale, naandika jina lingine, nalo vilevile. Leo nimekwenda mfululizo bila kutazama vidole. Mkaguzi ataje tu.

Tulifurahi. Nasema ukweli, tulifurahi kama ndiyo sisi tulioajiriwa. Kwenye mtaa huu habari njema ni chache, na zikija huwa zimekosea nyumba. Breki alimpiga Karani begani na kutamka kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndiyo maana yeye lori lake alikuwa halali chini yake. Hatukumuuliza vinahusiana vipi. Ukimuuliza Breki maana ya methali yake anakuongezea nyingine.

Mimi ndiye niliyekumbuka darubini.

— Si ulituambia juu kuna picha ya darubini? Kwamba ukitaka kutafuta mtu ndipo unapobonyeza?

Karani akamtazama Breki. Breki akatazama barabarani, akajinyoosha, maana hapo tulikuwa tumeingia kwenye eneo lake. Yeye ndiye aliyempiga marufuku Karani kuigusa ile darubini. Aliwahi kuendesha lori lililofungwa kifaa cha kuripoti kila aliposimama, hata aliposimama kujisaidia, na tangu siku hiyo hakiamini chochote chenye jicho.

— Darubini ni ya kuonea mbali, alisema. Sasa niambie, ukiibonyeza, anayeonekana nani? Wewe. Kule makao makuu kuna mtu amekaa tu, anangoja. Akiona Karani wa hapa kabonyeza darubini, anaandika: huyu hajui, anatafuta. Anayejua hatafuti, anakwenda moja kwa moja.

— Lakini mwalimu aliibonyeza, nikasema.

— Mwalimu ana mshahara wa kubonyeza. Kuuliza si ujinga, ndugu yangu, ndiyo maana wajinga hawaulizi.

Mwalimu aliyetajwa ni mtaalamu wa makao makuu aliyekuja kuwafundisha. Alikuja siku moja tu. Karani anamsimulia kama watu wanavyosimulia upepo mkali: aliingia, akaongea, akatoka. Alifungua faili la mazoezi akasema andikeni chochote mnachotaka humu, hamtaharibu kitu. Akasema pia kwamba programu ile inajihifadhi yenyewe, ukihama ukurasa tu imeshahifadhi, na kila jioni inapeleka nakala yake makao makuu, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Kisha akakunja nyaya zake, akachukua vyake, akaondoka kuwahi gari. Karani akabaki na yale maneno matatu kama mtu aliyeachiwa dawa bila kuambiwa ya nini. Kumuuliza msimamizi alikuwa anaona aibu. Msimamizi angeweza kuwa mjukuu wake.

— Mimi nasema hivi, alianza Fundi Saa, akadondosha jivu kwenye tundu la ufunguo. Saa ikivaliwa na mtu mmoja muda mrefu, inazoea mapigo yake. Ukimpa mwingine, inachelewa. Nimeona kwa macho yangu. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo, imemzoea Karani. Ndiyo maana haimkatai. Jumatatu mkaguzi mwenyewe akiigusa, itamgomea.

— Mimi kinachonitisha ni hiyo kutokataa, alisema Breki. Barabara ikikubali kila kitu ujue ni mteremko. Lori linakwenda lenyewe, unafurahi, unapiga mluzi. Kumbe chini kuna daraja. Mwenda pole hajikwai, ndiyo maana mimi nilikuwa nakwenda mbio.

Nakumbuka hapo nilicheka. Sasa naona katika maneno yote aliyowahi kusema mzee yule, yale ndiyo yaliyokuwa na akili, na aliyaharibu mwenyewe kwa methali.

— Unaandika majina ya nani lakini? Shangazi akauliza. Huko mazoezini.

Karani akaona haya kidogo.

— Yenu.

— Yetu?

— Fundi Saa ndiye aliyenishauri. Kwamba nianze na majina ambayo vidole haviyaogopi. Fundi Saa, Breki, Shangazi, Kinyozi. Nikimaliza narudia. Fundi Saa, Breki, Shangazi, Kinyozi. Ndiyo nimepata kasi.

— Unaona, alisema Fundi Saa, akajivuna. Mashauri yangu hayaozi.

Breki akataka kujua yeye kazikwa wapi. Akauliza kwa mzaha, lakini alikuwa ameacha kunywa.

— Wewe uko kitalu B, kule ukutani. Wote mko huko sasa hivi. Kitalu A nilikimaliza wiki iliyopita.

— Na nilizikwa lini?

— Mwezi wa mafuriko.

Mwezi wa mafuriko hautajwi ovyo mtaani kwetu. Mto ulipanda, ukaingia majumbani watu wakiwa wamelala, na baada ya maji yakaja maradhi. Walizikwa watu wengi mno kwa mwezi mmoja, safu kwa safu, na hapakuwa na muda wa kumwandikia mtu jina kwenye msalaba wala jiwe. Kila kaburi lilichomekewa kibao cha bati chenye namba. Jina liliandikwa ofisini. Mpaka leo ukiingia kitalu B unaona bati tu, zimepigwa na kutu, zimeinama upande mmoja kama watu waliochoka kusimama.

— Sipendi, alisema Shangazi. Nitoe.

— Ni mazoezi tu, Shangazi.

— Hata ya mazoezi. Mimi nina haraka gani ya kuzikwa kabla sijafa? Kesho ukifungua nitoe.

— Hutolewi, alisema Fundi Saa, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Wazo lilikuwa limempata na halikumwachia. Hamuelewi, akaendelea. Kwa nini akiandika jina la Breki inamletea kitalu na namba? Imeipata wapi? Nani aliiambia? Nawaambieni, kule ndani nafasi zetu zimeshapangwa. Kompyuta inajua. Sisi tuliobaki mtaani ni kama saa iliyoharibika sindano. Inalia, lakini saa zake zimekwisha.

— Tarehe yenyewe imeshapita, bwana, nikamwambia. Mafuriko yalikuwa zamani.

— Ndiyo hapo sasa. Labda tulikufa siku ile, hatukuambiwa.

Breki aliweka kikombe chini. Alitazama viganja vyake, akavigeuza. Mimi nilisikia baridi shingoni, pale pale ninapowapitishia wateja wembe, na nikamwambia Fundi Saa aache maneno ya kijinga. Shangazi alisema hata kama ni ujinga, kitu kinachokula majina kila jioni na hakishibi si kitu cha kukifanyia mchezo, na kwamba nakala ikienda makao makuu, basi huko nako wanajua yeye ni marehemu, siku akienda kudai chochote watamwambia arudi kaburini. Kila mmoja alikuwa anamtisha mwenzake, na jioni ilikuwa inazidi kuwa nzito.

Karani peke yake ndiye aliyebaki na furaha yake. Aliikumbatia kama mtu aliyebeba yai.

— Semeni mnavyotaka, alisema. Leo nimemwambia mama, asiwe na wasiwasi, kuta zake ni zake. Alilia. Sijamwona akilia kwa furaha tangu macho yake yaende.

Shangazi akamwongeza kahawa bila kuulizwa.

Ndipo geti la makaburi lilipofunguliwa, akatoka mwanamke. Hakuwa msichana wala mtu mzima sana, amefunga kichwa kitambaa cheusi, viatu vyake vina udongo mwekundu wa ndani kule. Mkononi alikuwa na karatasi zilizokunjwa. Mlinzi alimwonyeshea kidole upande wetu. Akatazama kushoto na kulia, akavuka, akasimama mbele ya benchi bila kujua aanze na nani.

— Hamjambo wazee wangu.

— Hatujambo, mama. Karibu, alisema Shangazi, akamsogezea kigoda.

Hakukaa.

— Namtafuta Fundi Saa.

Mngeuona uso wa Fundi Saa. Alizima sigara ambayo haikuwa imefika nusu, akajifuta mikono kwenye suruali, akatoa lenzi mfukoni kabla hata hajajibu. Miezi yote ile hakuna aliyekuwa amemtafuta kwa jina.

— Ndiye mimi, binti yangu. Umefika. Ilete niitazame. Ni ya ukutani au ya mkononi?

Mwanamke akamtazama, akaitazama lenzi, akamtazama tena.

— Ni wewe kweli?

— Hakuna mwingine.

— Na Breki?

Breki akainua kikombe kidogo, kama mtu anayeitwa darasani.

— Na Shangazi, na Kinyozi?

— Ndio sisi hawa, nikasema. Kuna nini?

Alikunjua karatasi taratibu. Zilikuwa za mashine, nyeupe, bado zina joto la kutoka huko zilikotoka, kwa jinsi zilivyojikunja. Alisema hakuja kugombana. Alisema msimamizi amemtafutia mama yake kwa ile darubini, akaandika jina lote, kompyuta ikasema hakuna mtu huyo. Akaandika nusu ya jina, hakuna. Basi yeye akamwomba amtolee wote waliozikwa mwezi wa mafuriko, maana mama yake ni mmoja wao. Akamtolea. Mwanamke akaanza kusoma, na sauti yake haikupanda wala kushuka:

— Fundi Saa. Breki. Shangazi. Kinyozi. Fundi Saa. Breki. Shangazi. Kinyozi. Fundi Saa...

Aligeuza karatasi ya pili.

— Ni hivi mpaka chini. Msimamizi hawajui. Kapiga simu makao makuu, nakala ya kwao ni hii hii. Mlinzi ndiye aliyesema hawa watu ni wazima, wanakunywa kahawa pale ng'ambo. Nikaona nije niwaulize.

Hakuna aliyemtazama Karani. Tulijizuia wote, na kwa kujizuia huko ndiyo tulimtaja. Vidole vyake pajani vilikuwa vimesimama. Nikadhani anaanguka, nikamwekea mkono mgongoni. Mgongo ulikuwa umelowa jasho.

— Nilikuwa natafuta, alisema. Naandika jina, nalipata. Nilikuwa natafuta tu.

— Hukuwa unatafuta, mzee wangu, alisema mwanamke. Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. Msimamizi kanionyesha. Ukiandika kwenye chumba cha jina, unamfuta aliyekuwemo. Unayemwandika anakaa pake.

— Mwalimu alisema hatutaharibu kitu.

— Msimamizi anasema faili la mazoezi aliondoka nalo. Humo unamoandika wewe ndimo walimo wafu wenyewe.

Nilijua anachohesabu Karani. Kitalu A alikimaliza wiki iliyopita. Kadi zilisagwa, pengine zimeshakuwa makaratasi ya kufungia sabuni. Nikamfikiria mama yake kule nyuma ya ukuta, amekaa kitandani pake, anapapasa ufa wake ametulia, ameambiwa kuta zake ni zake.

Fundi Saa alirudisha lenzi mfukoni. Ilimkataa kuingia mara mbili.

— Mama yako alikuwa anaitwa nani? Shangazi akauliza.

Akalitaja. Jina lote, la kwake na la baba yake, polepole, kama mtu anayemtambulisha mgeni. Karani alilirudia kwa midomo bila sauti, na nikaona vidole vyake vimeanza tena pajani, herufi moja moja, mikono yote miwili, bila kutazama. Hakukosea hata moja. Alipomaliza alibaki ameshikilia hewa.

— Wewe hukumbuki alipolala? Breki alimuuliza.

— Nilikuwa mdogo. Baba ndiye aliyekuwa anakwenda. Kila siku ya mapumziko anakwenda peke yake, hakutaka tumfuate, anasema ndiyo muda wao wa kuongea. Baba ndiye aliyejua.

— Basi si umuulize baba?

Swali lilimtoka Breki kabla hajalifunga breki. Mwanamke aligusa kitambaa chake cheusi.

Akazikunja karatasi zenye majina yetu, akazikunja tena mpaka zikawa ndogo, akazishika kwa mikono miwili. Nyuma yake, getini, wanaume wawili wenye sepeto walikuwa wamekaa juu ya matofali wakimtazama, wanangoja ishara yake. Mmoja alikuwa anapiga miayo.

— Baba tunamzika kesho asubuhi, alisema. Hakuomba kitu kingine. Hakuomba jeneza zuri, hakuomba watu wengi. Aliomba alazwe kando ya mama. Wale wanataka kuanza kazi kabla giza halijaingia, na mimi sina la kuwaambia.

Alitutazama mmoja mmoja, Fundi Saa, Breki, Shangazi, mimi, kwa mpangilio ule ule wa karatasi. Mwisho akamtazama Karani.

— Nisaidieni jambo moja tu, wazee wangu. Nikawaambie wachimbe wapi?

Fundi Saa aliangalia tundu la ufunguo. Ng'ambo ya pili, nyuma ya ukuta, sauti ya bibi kizee ilikuwa inamwita mwanawe aje ale, chakula kinapoa. Karani hakuinuka. Shangazi, kwa kukosa la kufanya, alichukua kikombe kisafi ampe mgeni kahawa, akainamisha birika, akalisubiri. Halikutoa kitu.